Kifurushi Kimetoka Lamu, Mteja Bado Anasubiri

Ukitaka kuuza kofia za vito (zile zenye urembo uliotariziwa kwa mkono), mikoba ya tanga au kazi za mbao kutoka Lamu kwenda ng'ambo, jua kwanza kwamba kuna vifurushi vitakavyochelewa. Havitakuwa vyote, lakini vitatosha kukukosesha usingizi. Waliopitia hayo wanayajua machungu yake: mteja aliye Toronto ameandika mara ya tatu siku hiyohiyo, namba ya ufuatiliaji haijasogea wiki ya tatu, pesa zake zimeshanunua kitambaa na nyuzi, na mshonaji anangoja malipo ya kofia inayofuata. Kosa la mwanzoni huwa ni lilelile. Muuzaji hajui mzigo umekwama kwenye kipande gani cha njia, kwa hiyo hana la kumwambia mteja, basi hunyamaza. Kimya hicho ndicho kinachomfanya mteja adai pesa zake, hata kama kifurushi kimebakiza siku nne tu kumfikia.

Tuanzie kabla pesa hazijapokewa, maana makosa ya gharama kubwa hufanyika hapo. Kila nchi ina masharti yake, na hubadilika. Marekani iliruhusu mzigo wa chini ya dola 800 kuingia bila ushuru, lakini msamaha huo uliondolewa tarehe 29 Agosti 2025. Siku zile mashirika mengi ya posta duniani yalisimamisha kwa muda kupokea vifurushi vya bidhaa vya kwenda Marekani, kwa sababu haikueleweka ushuru ungekusanywa na nani, wala kwa njia gani. Ikiwa umeshapokea pesa za oda kumi wakati huo, una oda kumi zisizosafirika na wateja kumi wa kuwaeleza. Kwa hiyo pita kaunta ya posta, au mpigie karani, wiki ileile unayopokea oda, uulize kama nchi hiyo inapokewa na kwa huduma ipi. Usitegemee jibu la mwezi uliopita.

Nchi za Umoja wa Ulaya ziliondoa msamaha wa euro 22 tarehe 1 Julai 2021. Tangu hapo hata kofia moja inatozwa kodi ya VAT. Uingereza nayo inatoza asilimia 20. Canada hutoza kinachoingia kwa posta kikizidi dola 20 za huko. Mteja aambiwe hayo kabla hajalipa, kwa maneno yasiyozunguka: bei yangu haina kodi ya kwenu, huenda ukatumiwa kadi ya kulipia, na usipolipia mzigo utarudi. Uingereza, posta yao, Royal Mail, hushika mzigo wenye deni la forodha kwa siku 21 kisha huurudisha. Vifurushi kadhaa vinavyohesabiwa kuwa vimepotea ni hivi, vilivyolala kwenye rafu umbali mdogo tu na nyumba ya mteja, huku kadi ya kulipia imechanganyika na karatasi za matangazo.

Australia na New Zealand zina jambo jingine. Huko wanachokiogopa zaidi ni wadudu. Mkeka wa miyaa, kikapu, fremu ya mbao, vyote hukaguliwa, na mbao yenye tundu moja la mdudu au kipande cha gamba la mti inaweza kufukizwa dawa kwa gharama ya mteja, kurudishwa au kuharibiwa. Ukiuza huko, nenda KEPHIS, shirika la Kenya la kukagua afya ya mimea, uulize cheti cha afya ya mimea kabla hujafunga boksi. Kwa mpingo na mbambakofi ongeza hatua: miti hiyo imo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo uliza KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kama kazi yako inahitaji kibali. Gamba la kasa na matumbawe achana navyo kabisa. Hivyo havichelewi, vinakamatwa.

Sasa kufunga. Mzigo unaotoka kisiwani lazima uvuke maji kwanza, ama kwenda Mokowe kupanda gari, ama kwenda Manda kupanda ndege. Maji ya chumvi yanarukia boti, na wakati wa kusi mvua inamalizia. Kifurushi kitakachokaa njiani siku 60 badala ya 15 kinakaa na unyevu uliokifungia ndani. Ngozi huota ukungu. Kofia nyeupe iliyojazwa karatasi za gazeti ili isibonyee hutoka na wino kwenye vito, na doa hilo halitoki kwa kufua. Jaza karatasi nyeupe zisizochapwa, tia kwenye mfuko wa plastiki wa kuziba, weka pakiti moja au mbili za silika ya kunyonya unyevu, kisha boksi gumu. Usifunge asubuhi yenye umande wala mara baada ya kupiga pasi yenye mvuke. Acha kofia usiku mzima kwenye chumba kikavu kwanza.

Mbao ina tabia yake. Ubao uliokauka vizuri Lamu bado una maji mengi kuliko ubao uliozoea nyumba ya Ulaya yenye hita. Sanduku dogo la nakshi linaweza kufika salama Januari, kisha likapasuka kwenye kiungo wiki ya pili ndani ya nyumba ya mteja, naye akadhani limevunjika njiani. Mwache fundi akaushe mbao muda mrefu zaidi, aache nafasi kidogo kwenye paneli badala ya kuigundisha gundi pande zote, na umwandikie mteja asiiweke karibu na hita. Hilo mpe kwenye karatasi ndani ya boksi. Ujumbe wa simu husahauliwa.

Vipimo hupuuzwa, na hapo ndipo mzigo hurudishwa kaunta. Pakiti ndogo, ile huduma nafuu, haizidi kilo 2. Urefu, upana na kimo vikijumlishwa visizidi sentimita 90, na upande mrefu usizidi 60. Kitu kilichoviringishwa, kama mkeka, urefu wake usizidi sentimita 90, na urefu ukijumlishwa na kipenyo mara mbili usizidi 104. Mkeka wa swala ulioviringishwa kwa upana wake mara nyingi huvuka hapo, na ukivuka unaenda kama kifurushi kikubwa, kwa bei nyingine kabisa. Pima kabla ya kumtajia mteja nauli. Ukitumia kampuni binafsi ya kusafirisha, kumbuka wanatoza nafasi pia: sentimita za urefu mara upana mara kimo, gawanya kwa 5,000, unapata kilo za hesabu. Boksi la 40 kwa 40 kwa 30 linahesabiwa kilo 9.6 hata likiwa na vikapu vya kilo 2.

Fomu ya forodha ndiyo inayoamua kama mzigo utapita au utalala. Thamani ndogo huandikiwa CN22, na kubwa zaidi, inayozidi SDR 300 (SDR ni kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa), huandikiwa CN23. Vifurushi vikubwa hutumia CN23 kwa thamani yoyote. Wengi huandika neno moja, "kofia" au "zawadi" kwa Kiingereza, na thamani dola 5 ili mteja asitozwe. Msifanye hivyo, jamani. Ofisa wa forodha anaona boksi zuri, stempu za pesa nyingi na kofia iliyoshonwa kwa mkono, kisha anasoma dola 5. Ataushika na kumwandikia mteja alete ushahidi wa malipo. Wiki tatu zimekwenda. Na mzigo ukipotea, fidia haiwezi kupita thamani uliyoandika mwenyewe. Kuita zawadi kitu kilichouzwa ni kusema uongo kwenye hati ya serikali, na jina lililo chini ni lako.

Mstari mzuri unasomeka hivi, kwa Kiingereza cha moja kwa moja: kofia ya kiume ya pamba, imetariziwa kwa mkono, kipande 1, gramu 140, dola 60, namba ya ushuru 6505.00, asili Kenya. Namba hiyo ya tarakimu sita ni ya mfumo wa forodha unaotumika dunia nzima. Mikeka ya majani ni 4601.29, vikapu vya miyaa 4602.19, mikoba ya nguo ya kubeba mkononi 4202.22, mapambo ya fedha 7113.11. Bandika nakala ya risiti ya malipo nje ya boksi ndani ya mfuko wa plastiki, na nyingine weka ndani. Namba ya simu na barua pepe ya mpokeaji ziandikwe kwenye fomu. Siku hizi taarifa hizi hutumwa kwa kompyuta kabla ya ndege kuruka. Umoja wa Ulaya unazidai kwa mizigo ya posta tangu Machi 2021, na Marekani nayo inazidai. Karani akiruka mstari, au akiandika kifupi, mzigo unaweza kuzuiwa kabla haujaondoka Nairobi. Simama hapo kaunta umwone anavyoandika. Mwambie kwa adabu, "Samahani dada, tuandike pamba pia." Hakuna anayekasirika.

Kuna kisanduku kwenye fomu ya kifurushi kikubwa ambacho watu hawakisomi: mzigo usipopokewa, urudishwe au uachwe? Kuurudisha kunaweza kukugharimu nauli ya pili. Kwa mkoba wa dola 20 chagua uachwe. Kwa kiti cha enzi kidogo au sanduku la nakshi chagua urudishwe, na weka pesa hizo akilini tangu mwanzo.

Risiti ndiyo roho ya biashara hii. Wino wake hufifia kwa joto, kwa hiyo ipige picha kabla hujatoka mlangoni. Namba ya ufuatiliaji ina herufi na tarakimu 13: herufi mbili, tarakimu tisa, kisha KE. Ikianza na R ni rejista, E ni EMS (huduma ya haraka ya posta), C ni kifurushi. Tarakimu ya tisa ni ya ukaguzi, nayo hukuokoa wakati namba haisomeki vizuri. Chukua RR473124829KE. Zidisha tarakimu nane za mwanzo kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9, 7 kwa mpangilio huo: 32, 42, 12, 2, 6, 20, 72, 14. Jumla ni 200. Gawanya kwa 11, inabaki 2. Toa 2 kwenye 11, unapata 9, ndiyo hiyo ya mwisho. Jibu likiwa 10 andika 0, likiwa 11 andika 5. Hesabu isipokubali, namba uliyompa mteja ina kosa, pengine 3 uliisoma 8. Mara kadhaa mzigo "usioonekana" ulikuwa tu na namba iliyonakiliwa vibaya.

Baada ya hapo ni kungoja, na kungoja kuna hatua zake. Posta duniani hutumia alama zinazofanana. EMA ni kupokewa kaunta. EMB ni kufika ofisi ya kubadilishana mizigo ya nchi inayotuma. EMC ni kuondoka ofisi hiyo kwenda ng'ambo. EMD ni kufika ofisi kama hiyo nchi ya mteja. EME ni kushikwa na forodha. EMG ni kufika ofisi ya kugawa, EMH walijaribu kumkabidhi wakamkosa, EMI amekabidhiwa. Tovuti za ufuatiliaji huzifasiri kwa maneno, lakini ukizijua utasoma ukurasa wowote.

Kati ya EMA na EMB mzigo uko kwetu. Mafuriko ya El Niño ya Novemba 2023 yalipoikata barabara ya Lamu kwenda Garsen maeneo ya Gamba na Lango la Simba, hakuna aliyehitaji maelezo zaidi. (Wapo wanaouliza kama bandari mpya ya Kililana haitafupisha njia. Ile ni ya meli za makontena, vifurushi vya posta vya ng'ambo vinapitia Nairobi.) Peleka mzigo posta Jumatatu au Jumanne, usiuache ulale wikendi, na muda unaomwahidi mteja uhesabu kuanzia siku ya EMC.

Kati ya EMC na EMD ndipo mioyo inapovunjika. Mfuko umefungwa, unapita kwenye uwanja wa ndege wa nchi ya tatu, na haufunguliwi wala kuskaniwa kifurushi kimoja kimoja hadi ufike. Wiki mbili, tatu, nne za kimya hapo hazina maana kwamba mzigo umepotea. Mfuko umekosa nafasi kwenye ndege, au umefika na haujafunguliwa. Kenya iliposimamisha ndege za abiria za kimataifa kuanzia 25 Machi hadi 1 Agosti 2020, wengi walijifunza kwa uchungu kwamba barua husafiri chini ya viti vya abiria. Disemba mambo hujaa kila mahali. Na mgomo wa wafanyakazi wa Canada Post, 15 Novemba hadi 17 Disemba 2024, ulisimamisha ugawaji nchi nzima katikati ya msimu. Kofia za Idi na za Maulidi funga oda wiki nane kabla. Akija mteja wiki tano kabla, mwambie ukweli: haitafika kwa posta ya kawaida, kuna EMS au kampuni binafsi, bei yake ni hii.

Mteja apate habari kabla hajaziuliza. Ujumbe wa kwanza siku ya kutuma, na picha ya boksi na namba. Wa pili mzigo ukitoka nchini. Kisha kila siku kumi, hata kama hakuna jipya. Wengi wanaonunua kofia ni watu wa pwani walioko Muscat au London, wanaelewa Kiswahili na wanaelewa Lamu, lakini wanataka kujua hawajasahauliwa. Ujumbe unaotosha ni kama huu: "Assalamu alaykum kaka. Kofia yako iliondoka Nairobi tarehe 14, bado haijaskaniwa huko kwenu. Kipande hiki huchukua hadi wiki nne. Tarehe 12 nitaangalia tena na nitakuandikia. Kuanzia tarehe 20 uliza ofisi ya posta ya mtaani kwako kama kuna kadi ya forodha." Umemwambia mzigo ulipo, muda, siku utakayorudi kwake, na kazi moja ya kufanya yeye mwenyewe. Siku uliyoitaja ikifika, andika. Ukiikosa hiyo moja, zote zilizotangulia hazikusaidii.

Pesa sasa. Kwenye PayPal mnunuzi ana siku 180 za kufungua lalamiko, na mzozo usipopandishwa kuwa dai ndani ya siku 20 hujifunga wenyewe. Usimwombe mteja aungoje ujifunge ili umkwepe, atarudi kupitia benki yake. Jibu siku hiyohiyo ukiwa na picha ya risiti, namba na ukurasa wa ufuatiliaji. Bila namba huna kesi. Ndiyo sababu kutuma bila rejista ili kuokoa shilingi mia kadhaa kunaumiza. Fanya hesabu: kofia ya shilingi 8,000, posta 2,500. Ukirudisha 10,500, umepoteza kofia, kazi ya mshonaji ya miezi, na nauli uliyoilipa tayari. Faida ya kofia nne zinazofuata inaziba hapo.

Weka tarehe ya kurudisha pesa mapema na kwa maandishi, kwa mfano siku 45 za kazi tangu EMC, na uiheshimu. Kabla ya siku hiyo usitume kofia ya pili kwa huruma. Mara nyingi zote mbili hufika, na ni vigumu kumdai mteja airudishe moja. Mteja mwaminifu atakulipa ya pili ukimwomba vizuri, lakini usiijenge biashara juu ya hilo.

Siku zikizidi, nenda ulipotumia uombe fomu ya uchunguzi, CN08. Una miezi sita kuanzia kesho yake ya siku ya kutuma, ikipita hiyo hawalazimiki kukusikiliza. Beba risiti halisi, nakala ya fomu ya forodha, picha ya boksi na maelezo ya alama za nje. Usiende wiki ya pili, hawataifungua. Usingoje mwezi wa sita pia, kwa sababu posta ya ng'ambo inapewa muda wake wa kujibu. Baada ya mwezi mmoja na nusu hadi miwili ndio wakati. Na mwambie mteja aulize upande wake siku hizohizo. Malalamiko kutoka pande mbili husogea upesi zaidi kuliko ya upande mmoja.

Mzigo ukirudi, usiupeleke nyumbani kabla ya kusoma kibandiko cha kurudisha, kinaitwa CN15. Kimetiwa alama sababu: hajulikani, amekataa, hakudai, anwani haitoshi. Piga picha umpelekee mteja bila kumlaumu. "Hakudai" maana yake kadi ilifika na haikushughulikiwa. "Anwani haitoshi" huenda ni kosa lako: namba ya fleti imeachwa, msimbo wa posta una herufi moja pungufu. Fungua boksi, toa kofia, ianike kivulini, tazama vito kwa mwanga wa dirisha, ibadilishie karatasi. Na kabla ya kuituma tena, mwambie mteja akuandikie anwani upya yeye mwenyewe, mstari kwa mstari, usinakili ile ya mwanzo.